Kijiti Kivunjike, Simu Ipone: Namna ya Kutoa Uchafu Kwenye Tundu la Chaji

Dalili huanza kidogo kidogo. Waya wa chaja unaingia lakini haukai. Ukiugusa, simu inaacha kuchaji. Ukiuinua kidogo upande mmoja, inarudi. Baada ya muda mwenye simu anakuwa ameshaijua pembe yake, na usiku anaiegemeza simu kwenye glasi au anaikunjia kitambaa chini ili waya usicheze hadi asubuhi. Kisha ananunua waya mwingine. Waya mpya nao ukigoma, anaambiwa sistimu ya chaji imekufa, na simu inafunguliwa. Kabla ya kufika huko kuna kazi ya bure unayoweza kuifanya mezani kwako, na mara nyingi ndiyo inayomaliza tatizo lote: kutazama ndani ya tundu la chaji na kutoa nyuzinyuzi zilizojaa humo. Lakini kazi hiyo ina hatari yake, na hatari hiyo ndiyo sababu ya maelezo haya kuwa marefu. Uchafu wa mfukoni ni mpole, unaziba tu. Kinachoharibu tundu ni kile mtu anachokiingiza ili kuutoa. Kanuni nitakayoitetea hapa ni moja: chochote utakachoingiza kwenye tundu la simu kiwe dhaifu kuliko kila kitu kilichomo, ili ikitokea kuna cha kuvunjika, kivunjike chenyewe.

Tuanze na jinsi uchafu unavyofika huko, kwa sababu ukielewa hilo utaelewa pia kwa nini hautoki kwa kutikisa. Simu nyingi hukaa mfukoni, kwenye mkoba, au zimefungwa kwenye pindo la kanga, na tundu la chaji liko wazi muda wote. Nguo ya pamba inapomomonyoka hutoa nyuzi ndogo sana. Hizo huingia tunduni, na vumbi la njiani, unga wa jikoni na jasho huzishikamanisha. Kama zingeachwa hivyo zingetoka zenyewe. Ila kila usiku unachomeka waya, na kichwa cha waya kinazisukuma hadi mwisho wa tundu na kuzibana hapo, kama mtu anavyoshindilia sufi ndani ya mto hadi mto ukawa mgumu. Fanya hivyo kila siku kwa mwaka mmoja au miwili, na chini ya tundu kunakuwa na kipande kilichobanwa, cha kijivu, chenye umbo lilelile la tundu. Unene wake unaweza usizidi milimita moja, lakini milimita moja inatosha. Kichwa cha waya wa Taipu C huingia ndani kwa takriban milimita sita na nusu, na vishikizo vyake vidogo vya pembeni hunasa pale tu kinapofika mwisho. Kikizuiwa kabla ya hapo, kinaning'inia.

Ndiyo maana watu hudanganyika na waya mpya. Waya mpya una vishikizo vikali vinavyobana vizuri zaidi, kwa hiyo unaweza kuchaji kwa siku kadhaa hata tundu likiwa limejaa, halafu mchezo unaanza upya. Mtu anahitimisha kwamba nyaya za siku hizi ni feki. Nyingine ni feki kweli, lakini waya feki na tundu lililoziba hutofautishwa kwa jaribio la dakika moja. Chukua waya uleule, uchomeke kwenye simu nyingine ya aina hiyo hiyo ya tundu. Ukikaa imara na kuchaji, waya hauna kosa. Kisha uchomeke kwenye simu yako na utazame ubavuni: linganisha ni chuma kiasi gani cha kichwa cha waya kimebaki nje kwenye simu yako na kwenye ile nyingine, bila kava kwenye zote mbili. Tofauti hata ya unene wa ukucha ni ushahidi kwamba kuna kitu chini. Usisahau kava, maana kuna kava nene ambazo zenyewe zinauzuia waya kufika mwisho, na mwenye simu anahangaika bure na tundu lisilo na kosa.

Sasa washa tochi ya simu nyingine, elekeza mwanga ndani ya tundu kutoka mbele, na utazame. Nitazungumzia zaidi Taipu C kwa sababu ndilo tundu linalotawala sasa. Apple wenyewe walihamia huko mwaka 2023 kwa iPhone 15, na Umoja wa Ulaya umeifanya kuwa lazima kwa simu mpya zinazouzwa huko tangu tarehe 28 Desemba 2024, hivyo tutakuwa nalo kwa miaka mingi. Ni tundu la upana wa milimita nane na kidogo, na kimo cha milimita mbili na nusu. Katikati umesimama ulimi mwembamba wa plastiki, unene wake haufiki ule wa sarafu ya shilingi. Juu na chini ya ulimi huo vimepangwa vibamba vya shaba vilivyopakwa dhahabu, 12 kila upande, 24 kwa jumla, na kutoka kibamba hadi kibamba ni nusu milimita. Ukuta wa nje, ule unaozunguka yote, ni chuma kitupu. Kwenye tundu safi utaona chini kabisa sakafu tambarare yenye kung'aa kidogo au nyeusi iliyonyooka. Ukiona badala yake kitu chenye rangi ya vumbi, kisicho na mng'ao, kilichojaa pembeni na kuuzunguka mzizi wa ulimi, hicho ndicho tunachokitafuta.

Vipimo hivyo ndivyo vinavyoamua kila kitu kitakachofuata. Dhahabu iliyopakwa juu ya shaba hiyo haifiki unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita. Imewekwa kwa sababu haishiki kutu; ikikwaruzwa, metali iliyo chini yake inakutana na hewa na unyevu, na kuanzia hapo kibamba kinaweza kuwa cheusi au cha kijani. Ulimi nao ni plastiki nyembamba iliyoshikwa upande mmoja tu. Ukiupinda kwa nguvu unapata ufa, na ulimi wenye ufa hautibiki kwa gundi. Kwa hiyo ndani ya tundu kuna vitu viwili laini, dhahabu na ulimi, na kitu kimoja kigumu, yaani ukuta wa nje. Sindano ya kushonea, pini ya ushungi, ncha ya kisu, klipu ya karatasi na kile kichokonoo cha kutolea laini vyote ni vya chuma. Vikigusana na dhahabu, dhahabu inashindwa. Vikiegemea ulimi, ulimi unashindwa. Hakuna hata mara moja ambapo sindano ndiyo itakayopata hasara.

Kijiti cha meno kinapindua hesabu hiyo. Mti laini haukwaruzi dhahabu kirahisi, haupitishi umeme ukiwa mkavu, na ukilazimishwa huvunjika kabla ya ulimi. Tatizo lake ni unene, na hapa ndipo maelekezo mengi yanapomwacha msomaji njiani. Kijiti cha kawaida kina unene wa kama milimita mbili, wakati nafasi iliyopo kati ya ulimi na ukuta, juu au chini, haifiki milimita moja. Ukikiingiza kama kilivyotoka kwenye pakiti, ncha itapita, mwili utakwama, na wewe utaongeza nguvu. Ni lazima kwanza ukichonge. Chukua wembe au kisu kikali, ukilaze kijiti juu ya meza, na ukipare pande mbili hadi sentimita moja ya mwisho iwe bapa, nyembamba, mfano wa kijiti cha aiskrimu kilichopunguzwa sana. Ncha usiiache kali. Ikate mraba, ili iweze kukwangua badala ya kuchoma. Mtu wa pwani anaweza kutumia uchelewa wa ufagio ulio mkavu na safi, kwa sababu nyuzi zake ni ndefu na haukatiki ghafla, mradi nao uparwe hivyohivyo. Mianzi pia inafaa, ila ni migumu zaidi, kwa hiyo mkono uwe mwepesi. Njiti ya kibiriti haifai: ni nene, ni dhaifu mno ikishachongwa, na hubaki vipande.

Zima simu kabisa. Usiridhike na kuzima kioo. Izime, toa kava, na hakikisha haijachomekwa popote. Kwa simu iliyozimwa hatari ya umeme ni ndogo, lakini ndogo na hakuna si kitu kimoja, na kuzima simu hakukugharimu chochote. Kaa mahali penye mwanga, shika simu tundu likitazama chini au ubavuni, ili kinachoachia kianguke nje badala ya kurudi ndani. Ingiza kijiti kwenye pembe moja ya tundu, kushoto au kulia, ambako ulimi haufiki na kuna nafasi kidogo. Ubapa wake uegemee ukuta wa nje wa chuma. Huko hakuna cha kuharibika. Shuka taratibu hadi ukutane na kitu. Hapo vidole vyako vitakuambia zaidi ya macho: ukigusa nyuzi zilizobanwa, kijiti kinadidimia kidogo na kurudi, ukigusa sakafu halisi, kinasimama kwa mguso mkavu usio na shaka. Ukishahisi tofauti hiyo mara moja, hutaihitaji tochi sana.

Usisukume zaidi. Kosa la wengi ni kuendelea kuchimba chini, na kusukumwa chini ndiko kulikoufikisha uchafu hapo. Kazi yako ni kuinua. Teremsha ncha pembeni ya kipande cha uchafu, hadi iwe kati yake na ukuta, kisha ilaze kidogo na kuivuta nje kama unayekwangua ukoko wa wali pembezoni mwa sufuria bila kutoboa chini. Mara ya kwanza utatoka na nyuzi mbili tatu. Futa ncha kwa kitambaa, rudi. Hamia pembe ya pili, fanya vilevile. Baada ya kurudia mara kadhaa, kile kipande kinaanza kuachia kona, na mara nyingi hutoka kizima, kikiwa na umbo la tundu. Ndipo upite juu na chini ya ulimi, kijiti kikiwa bado kimeegemea ukuta, kwa mwendo wa kutoka ndani kwenda nje tu. Usikizungushe kijiti ndani. Kukizungusha ndiko kunakokivunja na ndiko kunakousukuma ulimi. Ncha ikishachakaa na kuanza kutoa nyuzi zake yenyewe, itupe na uchonge nyingine. Ukimaliza, tazama tena kwa tochi, chomeka waya, na usikilize: ule mnaso mdogo uliokuwa umepotea unapaswa kurudi, na chuma kinachobaki nje kinapaswa kuwa sawa na kwenye simu ile ya kulinganishia.

Tundu za aina nyingine hufuata njia hiyo kwa tofauti ndogo. iPhone za kuanzia mwaka 2012 hadi kabla ya ile ya 15 zina tundu la Lightning, ambalo halina ulimi. Ulimi uko kwenye waya. Nafasi ni kubwa zaidi na kijiti hakihitaji kuparwa sana, lakini vibamba vyake viko ukutani, hivyo tazama kwanza viko upande gani na kijiti chako kiegemee upande wa pili. Tundu dogo la zamani, maikro, lenye vibamba vitano, ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu ulimi wake ni mwembamba mno na umesogea upande mmoja. Humo fanya kazi upande ule mpana tu, na ukiona haitoki, acha.

Atakayepinga ushauri huu kwa nguvu zaidi ni yule aliyewahi kukaa mbele ya meza ya fundi, Kariakoo jijini Dar es Salaam au mtaa wa Luthuli jijini Nairobi, akamwona akisafisha tundu kwa sindano kwa sekunde kumi na simu ikachaji. Amemwona kweli. Lakini tazama fundi ana nini ambacho wewe huna. Ana lenzi ya kukuza, ana mwanga uliosimama, amefungua tundu nyingi za namna hiyo kiasi kwamba anajua ncha yake iko wapi hata asipoiona, na zaidi ya yote, ana tundu jipya ndani ya droo. Akikosea, anabadilisha. Wewe ukikosea, unakwenda kwake. Sindano mkononi mwa fundi ni chombo kilichozungukwa na kinga nyingine. Ukiiondoa sindano peke yake na kuipeleka nyumbani, kinga zile zinabaki kwake. Wapo pia wanaosema wameshatumia sindano nyumbani na simu haikufa. Hilo nalo ni kweli, na halinishangazi, kwa sababu mkwaruzo wa dhahabu hauui siku hiyo. Unaanza kazi yake polepole, hasa kwenye hewa ya unyevu, na tundu likianza kugoma miezi baadaye hakuna anayekumbuka sindano.

Wengine hawaingizi kitu. Wanapuliza kwa mdomo. Inaonekana ni njia salama kuliko zote, maana haigusi chochote. Lakini pumzi ya binadamu imejaa mvuke wa maji, na ukipuliza kwa nguvu unatoa na matone ya mate. Unyevu huo unabaki juu ya vibamba na ndani ya nyuzi, halafu unachomeka chaja yenye volti tano au zaidi. Maji yenye chumvi kidogo, umeme, na shaba: hapo ndipo kutu inapoanza. Zaidi ya hayo, pumzi haina uwezo wa kung'oa kitu kilichoshindiliwa kwa mwaka mzima. Inatoa vumbi la juu tu na kukupa matumaini. Kinyume chake ni kompresa ya fundi pancha, ambayo watu huiona kama suluhisho la kiume. Mashine hiyo imetengenezwa kujaza matairi, hewa yake hubeba maji na mafuta kutoka kwenye tangi, na msukumo wake hauchagui: ukikosea pembe unaingia kwenye tundu la maikrofoni au spika na kupasua utando uliomo. Apple, katika maelekezo yao ya kusafisha iPhone, wanakataza hewa ya kukandamizwa moja kwa moja. Ukitaka hewa, nunua pale duka la dawa kile kipira cha kunyonya kamasi za watoto, kipya na kikavu. Ukikibonyeza kinatoa pumzi fupi isiyo na unyevu, inayotosha kabisa kuondoa nyuzi ambazo kijiti kimeshazilegeza. Baada ya kijiti, si kabla yake.

Swali la vimiminika linahitaji uangalifu kwa sababu mara nyingine vina nafasi. Kwa nyuzi kavu havihitajiki, na vinaharibu: ukilowesha nyuzi zinakuwa tope, tope linaingia mahali ambapo nyuzi hazikuwa. Lakini uchafu wa kunata, kama soda iliyomwagika au jasho lililokauka, hautoki kwa kijiti kikavu. Hapo tumia spirit ya aina ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 90 na kuendelea. Ile ya asilimia 70, inayouzwa kwa kusafishia ngozi, karibu theluthi yake ni maji. Usimimine. Chovya ncha ya kijiti, ipanguse kwenye kitambaa hadi isidondoke, pitisha, kisha acha simu imezimwa kwa saa moja au zaidi kabla ya kuichomeka. Petroli, tina na kiondoa rangi ya kucha visikaribie simu, kwani vinaweza kuharibu plastiki, na ulimi ni plastiki. Ama mchele, ambamo watu wengi huizika simu iliyolowa, unaongeza uchafu mwingine: mwaka 2024 Apple waliwaonya wateja wao kwamba chembe ndogo za mchele zinaweza kuharibu simu. Tundu likiwa limelowa, simu iinamishwe tundu chini mahali penye hewa, na isichajiwe. Inafaa kujua pia kwamba simu zinazotoa onyo la unyevu tunduni huweza kulitoa hata zikiwa kavu, pale uchafu wenye chumvi unapounganisha vibamba viwili. Ukiona onyo hilo halitoki siku nzima na simu haijaguswa na maji, safisha tundu.

Kwa wanaoishi Mombasa, Tanga, Unguja au popote kwenye upepo wa bahari, chumvi na mchanga vinastahili neno la peke yake. Chumvi huvuta maji kutoka hewani, hivyo nyuzi za tunduni pwani huwa na unyevunyevu hata msimu wa kiangazi, na kutu hutangulia. Safisha mapema, dalili inapoanza, usingoje waya uning'inie. Mchanga ni jambo jingine. Mara nyingi huwa na chembe za kwazi, madini magumu yenye daraja la 7 kwenye kipimo cha Mohs, wakati dhahabu haifiki 3. Chembe moja ikinaswa kati ya kijiti na kibamba, kijiti chako laini kinageuka msasa. Kwa hiyo simu iliyoanguka ufukweni usianze na kijiti wala usichomeke waya. Igeuze tundu chini, igongegonge taratibu kwenye kiganja, tumia kile kipira cha hewa huku tundu bado likitazama chini, na rudia hadi pasitoke kitu. Hapo ndipo kijiti kifuate.

Utasikia pia hoja kwamba simu ya kisasa haiingii vumbi, imeandikwa IP68. Namba 6 ya kwanza maana yake ni kwamba vumbi haliingii ndani ya mwili wa simu, na 8 inahusu maji. Mpira unaozuia vumbi hilo uko nyuma ya tundu la chaji. Tundu lenyewe liko upande wa nje wa mpira, wazi kama lilivyo la simu ya bei ndogo, na hujaa kwa kasi ileile. Simu hizo ndizo zinazofaa zaidi kusafishwa kwa subira nyumbani, kwa sababu kuzifungua kubadilisha tundu kunakata gundi na kuvunja kinga ya maji ambayo mwenye simu aliilipia.

Matundu mengine nitayapitia kwa haraka. Wavu wa spika ya sikioni na ule wa chini husafishwa kwa mswaki laini wa mtoto, mkavu, simu ikiwa imeinamishwa ili vumbi lianguke. Uchafu uliogandamana huinuliwa kwa kubandika selotepu na kuibandua. Kitundu kidogo kama tobo la sindano kilicho chini ya simu kwa kawaida ni cha maikrofoni, na hakuna kitu chochote kinachopaswa kuingia humo, hata kijiti. Watu wamekwishatoboa maikrofoni zao kwa kudhani ndilo tundu la kutolea laini. Tundu la visikizio, kwa simu ambazo bado zinalo, likijaa nyuzi huifanya simu idhani visikizio vimechomekwa na kukata sauti ya spika. Kijiti cha meno kizima, bila kuparwa, kinaingia humo vizuri.

Kuhusu kuzuia, vile vizibo vidogo vya silikoni vinavyouzwa barabarani vinafanya kazi pale vinapotumika, lakini vikiwekwa juu ya tundu lenye unyevu vinaufungia humo, na vingi hupotea baada ya wiki. Bora zaidi ni kuweka simu mfukoni tundu likitazama juu, kugeuza mfuko na kuukung'uta wakati wa kufua, na kutazama kwa tochi mara moja kila baada ya miezi miwili au mitatu. Mwenye kufanya kazi kinuni, kwa fundi seremala au juu ya bodaboda atazame kila mwezi.

Ipo mipaka ambapo kijiti hakina kazi tena. Ukiona vibamba vimekuwa vya kijani au vyeusi, ulimi umeinama au umekatika, tundu linatikisika lote ukigusa waya, au simu inapata moto na harufu ya kuungua hapo inapochajiwa, acha na uende kwa fundi. Vivyo hivyo kijiti kikikatikia ndani na kipande hakionekani mwisho wake. Kipande cha mti hakitaunguza kitu, kwa hiyo hakuna haraka ya kukifukuza kwa kibanio cha chuma. Mwambie fundi kilichotokea, atakitoa kwa lenzi yake. Kama simu yako inachaji bila waya, ichaji hivyo kwanza na uhamishe picha na namba zako kabla ya kuipeleka. Ukifika, mwombe atazame na kusafisha tundu kabla ya kuamua kubadilisha chochote, na akuonyeshe kwa lenzi kilicho ndani. Simu nyingi zina tundu lililo kwenye bodi ndogo ya chini inayotoka yenyewe, nyingine limechomelewa kwa lehemu kwenye bodi kuu. Uliza yako ni ipi, kwa kuwa bei na hatari vinatofautiana sana. Ikibidi kufunguliwa na ilikuwa na kinga ya maji, kubaliana naye mapema kuhusu gundi mpya, na tangu siku hiyo iweke mbali na maji hata kama maandishi ya IP68 bado yapo.